Meshi imefungwa, chumbani bado haishiki: namna ya kujua tatizo liko wapi

Mtu ananunua boksi la meshi la vituo vitatu, yaani vifaa vya waifai vinavyopokezana mtandao ili ufike nyumba nzima. Kimoja anakiweka sebuleni penye faiba, kingine koridoni, cha tatu chumba cha mwisho kabisa, kule ambako siku zote mtandao ulikuwa haushiki. Taa zote zinawaka vizuri, simu inaonyesha mawimbi yamejaa, lakini usiku video inazunguka tu. Wengi wakifika hapo huenda dukani kuongeza kituo cha nne, na hiyo ni pesa inayopotea. Kituo hakizalishi intaneti, kinapokea kutoka kwa mwenzake na kuisambaza. Kikipokea kidogo kitatoa kidogo, hata kwa simu iliyolazwa pembeni yake.

Naandika nikiifikiria nyumba ya kwetu: kuta za tofali za saruji za inchi 6 zilizopigwa plasta pande zote mbili, pengine ghorofa lenye zege la nondo katikati, bati juu, vyumba vya uani nyuma, na waya wa faiba ulioingizwa kwenye kona ya sebule kwa sababu ndiko nguzo iliko. Zile mita za mraba zilizochapwa kwenye boksi usizitegemee hapa. Nyumba ya mbao na jipsamu haiyasumbui mawimbi kama nyumba ya tofali, na vituo vitatu vinavyotosha kule vinaweza kupwaya huku.

Kwanza jua kipande kipi kimeharibika

Kuna safari tatu kabla ya video kufika kwenye simu yako. Ya kwanza ni kutoka kampuni ya intaneti hadi ruta kuu, yaani kile kituo cha kwanza kilichounganishwa na modemu (kifaa cha kampuni kinachopokea faiba). Ya pili ni kutoka ruta kuu hadi kituo. Nitaiita njia ya kati. Ya tatu ni kutoka kituo hadi simu. Karibu kila lalamiko la waifai ya nyumbani linaangukia kwenye moja ya hizo, na dawa ya moja haitibu nyingine. Kwa hiyo kabla ya kuhamisha chochote, pima.

Chukua kompyuta, ichomeke kwa waya kwenye ruta kuu, upime kasi. Kisha pima kwa simu ukiwa umesimama mita mbili hivi kutoka ruta kuu. Nenda pembeni ya kituo chenye shida, upime tena. Malizia kwenye kitanda au meza unayoilalamikia. Andika namba zote nne kwenye karatasi, na uzipime tena saa mbili usiku, maana mtandao wa saa nne asubuhi na wa saa mbili usiku ni vitu viwili tofauti.

Pale namba inaposhuka ghafla ndipo penye tatizo. Waya ukionyesha Mbps 5 (megabiti kwa sekunde) wakati umelipia 30, acha meshi, shida iko kwa kampuni au kwenye modemu. Waya ukiwa sawa na pembeni ya kituo kasi ikaanguka, ni njia ya kati. Pembeni ya kituo ikiwa nzuri lakini kitandani mbaya, ni safari ya mwisho. Kumbuka pia kwamba kasi huuzwa kwa megabiti ilhali faili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kifurushi cha Mbps 40 kikishusha faili kwa megabaiti 5 kwa sekunde, unapata ulicholipia.

Kipimo kingine ni nguvu ya mawimbi yenyewe, kwa dBm. Zile alama za juu ya simu hazitoshi. Kwa Android zipo programu za bure za kuchambua waifai zinazoonyesha namba hii. Kwenye kompyuta ya Mac, bonyeza alama ya waifai huku umeshikilia kitufe cha Option. Namba ni hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. -50 ni nzuri sana. -67 bado inabeba simu ya video bila kukwama. Ikivuka -75 utaanza kusumbuka, na -85 ni kama hakuna kitu.

Simu imejaa mawimbi pembeni ya kituo, lakini kasi haipo

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na karibu kila mara linatokana na kituo kuwekwa pale pale ambako mtandao umekufa. Mtu anaona chumba hakina waifai, anakipeleka kituo humo. Lakini kama simu haikusikia chochote mle ndani, kituo nacho kinasikia kwa shida. Mahali pake ni kati ya ruta kuu na chumba hicho, pale ambapo mawimbi bado yana nguvu.

Kupata mahali hapo ni rahisi. Zima kituo. Shika simu iliyounganishwa na ruta kuu kwa bendi ya GHz 5 (waifai ina bendi mbili, hii na ya GHz 2.4), tembea polepole kuelekea chumba chenye shida ukiangalia dBm. Namba ikikaribia -65, simama, rudi hatua chache. Hapo ndipo pa kukiweka. Kama hapana soketi, ni afadhali kuita fundi umeme aongeze soketi moja kuliko kununua kituo kingine.

Hesabu ya kuta ina maana sana. Kila desibeli 10 zinazopotea, yaani dBm ikishuka kwa 10, zinakuacha na sehemu moja ya kumi ya nguvu uliyokuwa nayo. Ukuta mmoja wa tofali unaweza kula hizo kumi kwenye GHz 5, wakati mwingine zaidi. Ukianza na -45 sebuleni, ukuta wa kwanza unakuacha kwenye -55, wa pili -65, wa tatu -75. Kwa hiyo kati ya kituo na kituo ruhusu ukuta mmoja, kuta mbili kwa shida. Na mawimbi yanayopita ukuta kimshazari yanakutana na tofali nyingi kuliko yanayoupiga ukuta usoni. Kituo kilicho mwisho wa koridoni, kinachotazamana na milango, kinafanya kazi nzuri kuliko kilichojificha kwenye kona.

Zege la ghorofa ni gumu zaidi ya ukuta, kwa unene wake na kwa nondo zilizomo. Watu hupenda kuweka kituo cha juu sawasawa juu ya ruta ya chini wakidhani ndiyo njia fupi. Jaribu kwenye ngazi. Ule uwazi wa ngazi ni mlango wa bure wa mawimbi: ruta ya chini ikiuona mwanzo wa ngazi na kituo cha juu kikiuona mwisho wake, zege halina tena la kukufanya.

Halafu kuna vitu vya ndani ambavyo watu hawavihesabu kama kuta. Kioo kikubwa cha kabati kina utando wa metali nyuma yake. Friji ni sanduku la chuma. Televisheni ina bamba la chuma mgongoni, na kituo kilichofichwa nyuma yake kwa ajili ya urembo kinapoteza upande mzima. Tangi la maji lililojaa linanyonya mawimbi. Kama simtanki liko kati ya nyumba na vyumba vya uani, umepata sababu. Kituo kikae wazi, juu ya kabati au rafu, usawa wa kifua au kichwa, si sakafuni nyuma ya kochi.

Wakazi wa Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar wana hali yao peke yake. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hufika unene wa nusu mita hivi. Isitoshe, boriti za mikoko zinazobeba dari hazivuki sana mita 3, kwa hiyo vyumba vilijengwa vyembamba na virefu, kimoja nyuma ya kingine, na kutoka barazani hadi chumba cha ndani mawimbi yanakuta ukuta baada ya ukuta. Meshi isiyo na waya haiwezi nyumba ya namna hii. Msaada wake ni kiwanda, ule uwazi wa katikati ya nyumba: kituo kilichowekwa kwenye ukumbi unaotazama kiwanda kinafikia ghorofa zote zinazofunguka pale. Kidaka, kile kishimo cha ukutani cha kuwekea vitu, ingawa kinaonekana kama kimechongwa kwa ajili ya kifaa kidogo, kinakizungushia mawe pande zote isipokuwa mbele. Kiweke mezani.

Sasa kuhusu vituo kupokezana. Meshi ya bei nafuu ina redio mbili tu, ya GHz 2.4 na ya GHz 5, na ile ya GHz 5 ndiyo inayozungumza na ruta kuu na simu zako kwa zamu. Ni kama watu waliopanga mstari kupitisha ndoo za maji: aliye katikati hawezi kupokea na kutoa kwa wakati mmoja, kwa hiyo uwezo wake unabaki karibu nusu. Ukipanga kituo nyuma ya kituo, nusu inagawanywa tena. Meshi yenye redio tatu inatenga moja kwa njia ya kati na kupunguza hasara hii.

Lakini usikimbilie kuilaumu redio. Njia ya kati iliyo nzuri inabeba Mbps 300 au 400, nusu yake ni 150 au 200, na kifurushi chako pengine ni cha 20 au 30. Hutaisikia hiyo nusu. Kinachoumiza nyumba nyingi ni kituo kilichowekwa mbali. Kama programu ya meshi inakuruhusu, hakikisha kila kituo kinaunganishwa moja kwa moja na ruta kuu, ruta ikae katikati na vituo pande zake, badala ya msururu. Na kama ruta kuu iko kwenye kona ya nyumba kwa sababu faiba iliingia hapo, vuta waya mrefu kutoka kwenye modemu uihamishie katikati ya nyumba. Wapo waliofanya hivyo wakagundua hawahitaji kituo cha tatu.

Vuta waya kama unaweza

Kama nyumba bado inajengwa, au unapiga rangi upya, pitisha bomba na waya wa mtandao wa Cat6 kutoka penye modemu hadi kila ghorofa na hadi uani. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu hakuna kifaa utakachonunua baadaye kitakachoushinda. Kituo kinachopata intaneti kwa waya hakijali ukuta, hakigawi redio, na mvua ikinyesha hakibadiliki. Waya wa mtandao unakwenda hadi mita 100 bila kupoteza kasi.

Makosa ya kwenye waya nayo yana dalili zake. Kasi ikigota kwenye 93 au 94 hivi na haipandi hata ulipie kifurushi cha 200, ujue jozi mojawapo ndani ya waya haijashika. Gigabiti inahitaji jozi zote nne. Zikibaki mbili, vifaa vinakubaliana kwa megabiti 100. Kata kichwa, kipigwe upya kwa mpangilio sahihi. Waya wa bei ya chini sana mara nyingi ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Hukatika ukikunjwa, kwa hiyo omba wa shaba tupu.

Dalili nyingine ni mtandao wa nyumba nzima kuganda mara tu unapochomeka waya wa kituo. Angalia umechomeka wapi. Kituo kinatakiwa kiunganishwe na ruta kuu ya meshi, au swichi (kisanduku cha kugawa waya wa mtandao) iliyo nyuma yake. Ukikichomeka kwenye modemu ya kampuni iliyo mbele ya ruta, kinaweza kuupata mtandao mwingine au kufanya data izunguke bila mwisho. Kabla ya kununua waya hakikisha pia kituo chako kina tundu: vile vituo vidogo vya Google Nest Wifi ya 2019 havina.

Kwa vyumba vya uani, tumia waya wa kustahimili jua na uupitishe ndani ya bomba. Sehemu zenye radi nyingi, mimi ningechagua faiba fupi na vigeuzi viwili vya kuiunganisha na waya wa mtandao kuliko shaba inayotoka jengo hadi jengo, kwa sababu faiba haipitishi umeme.

Polepole kila mahali, hata sebuleni

Hapa meshi haihusiki. Angalia modemu ya faiba. Taa ya LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki: waya umekunjwa, umekatika au kichwa kimelegea. Usiukunje waya wa faiba kwa pembe kali nyuma ya kabati. Taa ya PON ikimeta bila kutulia, modemu haijakubaliana na kampuni. Taa zikiwa sawa na kasi kwa waya ikawa nzuri asubuhi lakini mbaya kila jioni, foleni iko kwa kampuni, na namba ulizoandika ndizo ushahidi wako.

Simu inang'ang'ania kituo cha mbali

Uko chumbani, kituo kiko mlangoni, lakini simu bado imeshika ruta ya sebuleni kwa uzi mwembamba. Anayeamua kuhama ni simu. Ruta inaweza kupendekeza tu. Kwa mfano, iPhone haianzi kutafuta kituo kingine hadi mawimbi yashuke kufikia -70, na Mac husubiri -75. Kama ruta kuu inakufikia kwa -66, simu haioni sababu ya kuondoka.

Kwa hiyo vituo vilivyobanana huleta shida hii hii. Kwenye nyumba ya vyumba vitatu, vituo viwili vinatosha. Cha tatu kizime uone kama mambo hayatakuwa mazuri zaidi. Mfumo ukiruhusu, punguza nguvu ya kurusha. Washa msaada wa 802.11k na v, unaozieleza simu vituo vya jirani. 802.11r huharakisha kuhama, lakini simu na printa za zamani zinaweza kugoma kuunganishwa ukiiwasha. Ikitokea hivyo, izime.

Kabla ya yote hayo, hakikisha waifai ya modemu ya kampuni imezimwa. Wengi huiacha ikiwa na jina na nywila ile ile ya meshi ili wasisumbuke kuingiza upya, na simu zinaikimbilia modemu badala ya kituo. Meshi haina habari na modemu hiyo, haiwezi kuzivuta zirudi.

Printa haionekani, kamera haifunguki ukiwa nje

Fungua programu ya meshi utafute anwani ya upande wa intaneti. Ikianza na 192.168, mbele ya ruta yako kuna ruta nyingine inayofanya kazi ile ile, yaani modemu ya kampuni. Nyumba ina mitandao miwili ndani yake. Printa iliyobaki kwenye ule wa zamani haionekani na kompyuta iliyo kwenye mpya, na kamera inapata milango miwili ya kupita badala ya mmoja. Chagua moja: weka meshi kwenye hali ya "Access Point", isambaze waifai tu na kazi ya ruta ibaki kwa modemu, au iombe kampuni iweke modemu kwenye hali ya "Bridge", ipitishe intaneti tu na kazi ya ruta ifanywe na meshi. Wenye Starlink, iliyoingia Kenya mwaka 2023, hali hiyo kwenye programu yao inaitwa "Bypass". Ukichagua "Access Point", baadhi ya mifumo huondoa vidhibiti vya watoto na ratiba, kwa hiyo kama unavitegemea, nenda na njia ya pili.

Kifaa kimoja tu ndicho kinachokataa

Kamera, taa janja na vifaa vingi vidogo vinajua GHz 2.4 peke yake. Meshi hutumia jina moja kwa bendi zote, na wakati wa kuseti, simu iliyo kwenye GHz 5 na kamera iliyo kwenye 2.4 hushindwa kuonana. Zima GHz 5 kwa muda, au washa mtandao wa vifaa janja kama mfumo unao, kisha seti. Ikikataa bado, angalia aina ya usalama wa waifai: WPA3, ambayo ni mpya, ikiwa peke yake hufungia nje vifaa vya zamani. Rudisha WPA2, au ule mchanganyiko wa WPA2 na WPA3.

Asubuhi sawa, jioni inakatika

Kama kwa waya kasi ni nzuri hata jioni, shida ni hewa. Kwenye maghorofa ya kupanga, kila mlango una ruta yake. Bendi ya GHz 2.4 ina chaneli (vijia vya ndani ya bendi) tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, kwa hiyo majirani kumi lazima wagawane. Chagua isiyo na msongamano, upana uwe MHz 20, na hamishia televisheni na kompyuta kwenye GHz 5, ambayo kuta zinaizuia isisafiri mbali; hapo ukuta unakusaidia. Eero na Google Nest Wifi hazikuruhusu kuchagua chaneli kwa mkono; kuziwasha upya kunazifanya zitafute tena.

Kuna kukatika kwingine kwa ajabu: vifaa vyote vya GHz 5 vinapotea kama dakika moja, kisha vinarudi. Chaneli za 52 hadi 144 zinashirikiana na rada. Ruta ikihisi rada inatakiwa kuhama, na kabla ya kuanza kurusha kwenye chaneli hizo isikilize kwa angalau sekunde 60. Ukiona hivi mara kwa mara, tumia 36 hadi 48.

Umeme ukirudi, kituo kinabaki na taa nyekundu

Umeme unaporudi vyote vinawaka kwa pamoja, na ruta inaitafuta intaneti kabla modemu haijaamka. Zima vyote. Washa modemu, subiri PON itulie. Washa ruta kuu, subiri. Kisha vituo, cha karibu kwanza. Ili usifanye hivi kila umeme ukikatika, nunua betri ndogo ya akiba ya modemu na ruta kuu, ukilinganisha volti na ampea na zilizoandikwa kwenye adapta zenyewe. Volti zisipolingana utaunguza kifaa. Kituo kinachojizima chenyewe jioni umeme unapokuwa mdogo, jaribu adapta ya kituo kingine kwanza, maana adapta huchoka kabla ya kituo.

Ukiamua kumwita fundi

Mpe vipimo vinne vya asubuhi na vinne vya usiku, mwambie kifurushi ulicholipia, hali ya taa za LOS na PON, na kama ulipima kwa waya. Akikuambia uongeze kituo kabla hajapima dBm pale kilipo cha sasa, mwombe apime kwanza.